Kwao Nyar Lambwe ni Wapi

Mtu aliyeitwa kuja kutambua kwao nyoka ni wapi aliingia Kosele kwa baiskeli, amevaa suti. Suti yenyewe ilikuwa ya marehemu fulani. Benta alikata shauri hivyo mara tu alipoiona, kwa sababu mikono ilimfunika vidole, na hakuna fundi mwenye akili timamu anayempima mtu hai namna ile. Nyuma, kwenye keria, alikuwa amefunga masanduku mawili ya mbao kwa mpira wa tyubu. Jina lake lilikuwa Kerosi. Alijiita Mtaalamu Kerosi wa Migori, na ukimwita Kerosi peke yake hakuitika.

"Ndiye huyo?" Benta alimwuliza jirani yake Mourine. Walikuwa wamesimama pamoja kwenye mlango wa jikoni.

"Ndiye. Wanasema akiangalia nyoka tu, anakwambia kwao. Mpaka kijiji."

"Na akijiangalia kwa kioo anaona nini?"

Mourine aliziba mdomo kwa leso. Benta hakucheka. Alikuwa na kila sababu ya kumcheka mtu yule, na alikuwa na sababu moja kubwa ya kumwogopa, na hiyo ya pili ndiyo iliyomchoma zaidi. Kumwogopa simba ni heshima. Kumwogopa mtu aliyevaa suti ya maiti ni aibu tupu.

Boma lile lilikuwa la mama mkwe wake, Priscah, nyuma kidogo ya soko la Kosele. Huku mwanamke akiolewa haitwi jina alilobatizwa, anaitwa kwa kwao. Benta alizaliwa Osiri, upande wa Migori, kwenye mashimo ya dhahabu, basi tangu Obare amuoe aliitwa Nyar Osiri, yaani binti wa Osiri, na angeitwa hivyo mpaka siku ya kuzikwa. Obare alikwisha kufa kwa malaria. Alimwachia nyumba ya mabati, ghala la mahindi na kipande cha shamba kinachopakana na barabara, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angejenga duka.

Stanley, mdogo wake Obare, alikuwa na macho. Kitu kingine sijui kama alikuwa nacho. Baada ya matanga alikuja kwa Benta na koti lake, akataka kulitundika msumarini nyuma ya mlango, maana ndivyo ndugu wa marehemu anavyoonyesha kwamba mjane sasa ni wake. Benta alilitoa koti lile nje kwa ncha ya kijiti cha kuni, kama mtu anayetoa panya aliyekufa, akaliacha kwenye matope na mvua inanyesha. Boma zima liliona. Tangu siku hiyo Stanley alimchukia kwa moyo wake wote, ingawa moyo wenyewe haukuwa mkubwa.

Halafu ikaja mvua ya El Nino, ile iliyobomoa madaraja na kuozesha maharagwe mashambani. Asubuhi moja Priscah alitoka kwenda kuteka maji, akamkuta chatu amejikunja kando ya mafiga ya jikoni, ametulia tuli. Bibi yule alipiga kigelegele kikasikika hadi sokoni. Chatu akija mwenyewe nyumbani kwa mtu, huku ni mgeni. Analeta mvua nzuri na chakula na watoto, na hagongwi hata kwa ufagio. Anayemwua anapata chira, ile laana inayomkausha mtu na kizazi chake. Priscah alikuwa Msabato safi, wa kubatizwa kwenye maji mengi, asiyepika hata uji siku ya Jumamosi, lakini asubuhi ile Biblia iliombwa ikae kando kidogo na kuku akakamatwa.

"Maji yamemleta kutoka bonde la Lambwe," Priscah alitangaza. "Kule mbugani, upande wa Magunga. Huyu ni Nyar Lambwe."

Akapewa jina kama mke aliyeolewa. Hakuna aliyeuliza mafuriko yaliwezaje kumpandisha nyoka mlima wote ule kutoka Lambwe mpaka Kosele. Benta alikuwa na jibu, na alinyamaza nalo.

Ukweli ni kwamba alimleta yeye. Alikuwa amekwenda Osiri kumzika baba yake, akiwa mjane mpya, na siku ya tatu chatu mdogo akatoka kwenye shimo ambalo mzee alikuwa akichimba. Wachimbaji waliinua sururu. Benta aliwapigia makelele, akamtia mdogo yule kwenye kapu lenye kifuniko, akarudi naye Kosele. Hapakuwa na uchawi wowote. Alikuwa amezika mume, amezika baba, na hicho kilikuwa kitu pekee kilichotoka kwenye lile shimo kikiwa hai. Alimfuga ghalani kwa panya. Mchana wa jua kali, watu wakiwa wamejilaza, alikuwa akiingia humo na chatu anapanda mkononi, anazunguka polepole mpaka begani, anatulia. Benta alimpenda. Ndivyo ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke. Maji yalipoingia ghalani chatu alitoka kutafuta pakavu, na Priscah akapiga kigelegele, na Benta akaona uongo umejileta wenyewe umejipikia na umejipakulia, kazi yake ni kula tu.

Akala. Alikabidhiwa kazi ya kumlisha mgeni, na heshima yake bomani ikapanda. Stanley alipoona hivyo alikereka hadi akakonda. Hakuwa mjinga kabisa yule, alikuwa mjinga wa kiasi, na mjinga wa kiasi ndiye mbaya. Akakumbuka maneno ya zamani kwamba wako wanawake wanaoingia kwenye ndoa na nyoka aliyefichwa chunguni, na nyoka huyo humaliza wanaume wa boma mmoja baada ya mwingine. Akayamwaga maneno hayo masikioni mwa mama yake kila siku, mpaka bibi akaacha kulala vizuri.

"Mama, mimi sisemi kitu," Stanley alisema. "Mimi nasema tu tujue huyu nyoka kwao ni wapi. Kama ni Lambwe, sawa, nitamchinjia mbuzi. Lakini kama ni Osiri, basi Nyar Osiri alikuja naye, na Obare tunajua kilichomuua."

Priscah alikubali. Na hukumu ilikuwa hiyo, kila mtu aliielewa: nyoka akiwa wa Lambwe, Benta anabaki nyumbani kwake, akiwa wa Osiri, Benta anarudishwa kwao siku hiyohiyo kama mchawi, bila nyumba, bila shamba. Stanley akaenda Migori kumtafuta mtaalamu, na kwa vile alikwenda yeye, tunaweza kukisia mtaalamu aliambiwa nini njiani.

Sasa Kerosi alisimama katikati ya uwanja, watu wamemzunguka, akavuta mikono ya suti nyuma ili vidole vionekane.

"Nyoka ni kama mtu," alianza. "Sura yake inataja kwao. Mimi nimefanya kazi na nyoka tangu ujana, nyoka wa kila pembe." Alifungua sanduku la kwanza, akamwinua kifutu mnene kwa ndoano ya waya. "Huyu, tazama kichwa. Pana! Kichwa pana ni wa Kehancha, mpakani. Anatazama Kenya na Tanzania kwa wakati mmoja."

Watu waliguna kwa mshangao. Benta alitazama juu. Alisikia ujinga mwingi maishani, aliolewa katika boma lenye Stanley, lakini huu ulikuwa wa kiwango kingine.

Kerosi akafungua la pili, akatoa kijoka cha kijani, wale wanaoshinda kwenye ua wa kila mtu. "Na huyu ni wa Homa Bay, pale mjini, karibu na ziwa. Nani ataniambia kwa nini ni kijani?"

Watu wakatazamana.

"Maji!" Kerosi akapaza sauti. "Maji ya ziwa yanampaka kijani!"

"Basi wavuvi wote wa Homa Bay wangekuwa kijani," Benta alisema, bila kupandisha sauti, lakini ilisikika.

Watu waliangua kicheko. Kerosi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu aliyezoea kuzomewa sokoni na bado akala chakula cha jioni. Mourine naye akapata moyo.

"Mtaalamu, na mtu je? Mimi kwetu ni wapi?"

Kerosi alimkagua kuanzia leso hadi malapa. "Wewe ni wa visiwani. Rusinga. Mashavu yanasema."

"Yawa! Mimi nilizaliwa hapa, nyuma ya kinu cha kusaga!"

"Basi nyanya yako."

"Nyanya ndiye alijenga hiyo nyumba nyuma ya kinu."

"Basi nyanya wa nyanya yako," Kerosi alisema, akatikisa kichwa kwa huruma, kama kwamba ni Mourine aliyekuwa anapotea. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumfukua bibi yule amwulize, Kerosi alihesabiwa ameshinda. Watu wengine walipiga hata makofi. Benta aliwatazama wale waliopiga makofi, akawajua mmoja mmoja, akawadharau mmoja mmoja.

"Inatosha," Priscah alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono pajani, uso umesinyaa kwa wasiwasi. "Nyar Osiri, mlete mgeni."

Hakuna mwingine aliyethubutu kumshika. Benta aliingia ghalani na chatu akapanda mkononi kama kawaida yake, kwa raha zake, hajui kitu. Benta akamshusha kwa nguvu akamtia kwenye kapu, maana kumpeleka mbele za watu amezunguka bega lake kungekuwa ni kujifunga kamba mwenyewe. Akatua kapu uwanjani, akasimama kando.

Kerosi hakumgusa. Mtaalamu wa nyoka wa kila pembe alichukua kijiti kirefu, akasimama mbali, akamgeuza chatu tumbo juu. Tumbo la chatu lina umanjano, hata mtoto anajua. Kerosi akainama. Akapiga mluzi. Akavua kofia kabisa.

"Uuuwi," alisema. "Mama, mimi ni mtu wa kusema ukweli. Huyu si wa Lambwe. Wa Lambwe ana tumbo jeupe kwa sababu ya majani ya mbugani. Huyu tumbo ni la manjano. Hii ni dhahabu hii! Nyoka wa Osiri wanakula udongo wa mashimo, dhahabu inawaingia mpaka inatokea kwa magamba. Huyu ni wa Osiri."

Kilichomkasirisha Benta kuliko vyote, kilichomfanya atake kulia kwa hasira, ni kwamba mpuuzi yule alikuwa amesema kweli. Nyoka alikuwa wa Osiri. Kerosi hakujua, hakuweza kujua, tumbo lile lingekuwa la manjano hata angezaliwa Mombasa. Alikuwa amefumba macho akarusha jiwe, na jiwe likaangukia hapohapo. Angeweza kumvumilia mtu anayejua. Kuanguka kwa sababu ya mtu asiyejua kitu, hilo lilimshinda.

"Umehakikisha?" Priscah aliuliza.

"Mama, nyoka wa Osiri bila dhahabu hayuko. Hata mmoja. Nikiwa muongo, mnifukuze na mawe."

Hapo ndipo Joash, mwenye bucha ya Kosele, mtu anayefikiri kila kitu kwa kilo, akauliza swali lake.

"Kama kwa magamba iko hivyo, kwa tumbo ndani iko kiasi gani?"

Mtu mwenye busara angejua hapo ni mahali pa kunyamaza. Kerosi hakuwahi kukutana na mahali pa kunyamaza.

"Magamba ni jasho tu," alisema. "Tumbo ndiyo benki."

Benta aliona macho ya wanaume yakibadilika. Ya Stanley yalibadilika ya kwanza.

Lakini Priscah hakusikia habari ya benki. Alikuwa amemkazia Benta macho, na machozi yanamlengalenga. "Nyar Osiri. Mimi nilikuita mtoto wangu. Ulimleta huyu nyoka kwa Obare?"

"Mama, unamsikiliza huyu? Huyu aliyevaa nguo za—"

"Nimekuuliza kitu."

"Alikuja mwenyewe, mama. Wewe ndiye ulimkuta."

Priscah alitikisa kichwa. "Nenda ufunge vitu vyako," alisema, kisha akainuka kwa shida, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango. Alisikika akilia humo ndani, kilio cha mtu anayezika mwanawe mara ya pili.

Benta aliingia kwake. Alitandika shuka chini, akaanza kutupia vitu juu yake: sufuria, picha ya Obare, viatu vya kanisani. Alitupa kwa hasira, akiwatukana wote kwa majina. Alimtukana Stanley, akamtukana Kerosi na yule marehemu aliyemwachia suti, akamtukana na Priscah, kisha akamwomba Priscah radhi, kisha akamtukana tena. Alikuwa hajamaliza kufunga fundo aliposikia panga. Lilipiga kitu kilicho laini na ardhi chini yake. Likapiga tena.

Alitoka mbio. Walikuwa nyuma ya ghala, Stanley na Joash na wanaume wengine wanne watano, na Nyar Lambwe alikuwa amelazwa juu ya majani ya migomba, hana kichwa, amepasuliwa toka shingo hadi mkia. Mwili ulikuwa bado unajikunja polepole, unatafuta mkono wa kuzunguka.

"Nyasaye, Mungu wangu," Benta alisema.

"Si mgeni tena," Stanley alimwambia, anajifuta jasho kwa kiko cha mkono. "Ni nyoka wako wa chungu. Nyoka wa mchawi anauawa, hakuna chira hapo. Uliza mtu yeyote."

Joash alikuwa ameshazamisha mikono humo ndani kama yuko buchani, anapapasa. Alitoa matumbo, akayapekua, akatazama vidole vyake, akatazama tena. Kerosi alisimama nyuma yao, anaelekeza kwa kijiti. Hakuna aliyejua dhahabu ya tumbo la nyoka inafananaje. Mmoja alisema ni vumbi. Mwingine alisema itakuwa imejificha kwenye uchafu, lazima ioshwe.

Wakageuka wote wakamtazama Benta.

Naam. Uso wa mtu una unene wake, lakini wa watu hawa ulikuwa wa kiatu cha askari. Wanawake wa Osiri huosha mchanga wa mashimo kwenye karai, wakizungusha maji mpaka uchafu umwagike na dhahabu ibaki chini, na Benta alianza kazi hiyo tangu hajaota meno ya ukubwa. Wote walijua hivyo. Walikuwa wamemwita mchawi sasa hivi, fundo lake liko mlangoni, na walikuwa wanamhitaji.

"Nyar Osiri," Stanley alisema, akilegeza sauti, "wewe unajua kuosha. Tuoshee. Ikipatikana, hata wewe utapata nauli ya kwenda kwenu."

Benta alitaka kumtemea mate. Kisha akili yake, ambayo ilikuwa imemkimbia tangu asikie panga, ikarudi, ikaketi, na ikamwonyesha kitu.

"Leteni karai," alisema. "Na maji. Na mwiteni mama atoke, aone kwa macho yake. Sitaki kesho niambiwe nimeiba."

Walikimbia. Wanaume wazima, wanagombania mtungi! Priscah aliletwa, macho yamevimba, na alipoona kilicho juu ya majani ya migomba alishika ukuta wa ghala asianguke. Benta alipiga magoti. Akatia matumbo ya nyoka wake kwenye karai, akamwaga maji, akaanza.

Alizungusha kama baba yake alivyomfundisha, mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto unapokea. Maji yakawa mekundu. Akamwaga, akatia mengine. Manyoya ya kuku yalielea juu, yale mekundu ya kuku aliyempa juzi, na mifupa laini, na mguu mmoja wenye kucha. Watu walisogea hadi wakamzibia mwanga. Alizungusha tena na tena, na chini ya maji yale alikuwa akigusa kitu alichokipenda, kikiwa kimekatwakatwa, na hakulia, kwa sababu machozi yangewapa raha. Alimwaga maji ya mwisho. Karai lilikuwa tupu, linang'aa kwa bati lake tu.

"Pitisheni mikono," alisema. "Tafuteni."

Joash alipapasa. Stanley alipapasa, akalamba hata kidole. Benta alipoona amelamba alijua kwamba hatamdharau tena mtu huyu zaidi ya hapo, maana nafasi ilikwisha.

"Hakuna," Joash alisema.

"Hakuna," Benta alirudia, akasimama, mikono inachuruzika. Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, umesikia mtaalamu amesema nini mbele ya watu wote. Nyoka wa Osiri bila dhahabu hayuko, hata mmoja. Mwana wako amempasua, amempekua, amelamba mpaka karai. Dhahabu hakuna. Basi huyu si wa Osiri. Huyu alikuwa mgeni wako. Stanley ameua mgeni wako."

Ilichukua muda maneno yale kuwafikia, kama chai moto inavyoshuka kifuani. Kisha wanaume walianza kurudi nyuma kutoka kwa Stanley. Joash alificha mikono yake yenye damu nyuma ya mgongo, mtu mzima na kitambi chake.

"Mtaalamu!" Stanley alipiga kelele. "Waambie! Waambie ni wa Osiri!"

Kerosi alitazama nyuso zilizomzunguka. Akatazama mawe yaliyolala kando ya ghala, na ahadi aliyoitoa mwenyewe. Akainama juu ya ngozi kwa makini sana, kwa kijiti kilekile.

"Sasa, unajua, ngozi ikishakufa ndipo inasema ukweli," alisema. "Akiwa hai kulikuwa na jua. Sasa naona. Huu weupe hapa kando... Mama, pole sana. Huyu ni wa Lambwe. Lambwe kabisa."

Alikuwa kwenye baiskeli kabla hajafika mwisho wa sentensi. Mourine alimrushia jiwe la kwanza, kwa niaba ya nyanya yake, na la pili kwa niaba ya nyanya wa nyanya. Kijoka cha kijani kilisahauliwa kwenye sanduku lililoanguka, kikajiendea zake kwenye ua, nyumbani kwao.

Priscah hakumfokea mwanawe. Ingekuwa afadhali angefoka. "Toka kwa boma yangu," alisema. "Usiage mtoto. Usishike kikombe. Nenda kwa mjomba wako Magunga, ukae huko, mpaka wazee watafute manyasi, ile dawa ya kukuosha chira, na kama haipatikani, usirudi." Stanley alianza kulia, analia kwa sauti, na panga bado liko mkononi. Aliondoka hivyo, na watu wakimpisha njia mbali ili asiwaguse na chira yake.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado lipo, walimzika Nyar Lambwe kando ya mafiga alipoonekana mara ya kwanza. Priscah alitoa shuka lake jeupe la kanisani. Watu walivua kofia. Kila mtu wa boma alipaswa kuchukua udongo kwa mkono, na kabla ya kuutupa aseme kwa sauti kwamba mgeni alikuja mwenyewe, na hakuna aliyemjua wala aliyemshika, ili aende kwao kwa amani na asirudi kudai. Priscah alisema. Mourine, aliyekuwa amechanganyika tu na watu wa boma, naye alisema.

Ikafika zamu ya Benta. Fundo lake lilikuwa limerudishwa ndani, Mourine alilibeba mwenyewe. Nyumba ilikuwa yake, shamba la barabarani lilikuwa lake, na hakuna koti lingetundikwa nyuma ya mlango wake tena. Priscah alimshika kiwiko kwa upole. "Sema, mtoto wangu."

Benta alitazama shuka. Lilikuwa limeloa mahali pamoja. Alikuwa amewadharau watu wengi siku hiyo, tangu asubuhi, na kila mmoja alistahili fungu lake, na sasa aliona dharau yote imebaki mkononi pamoja na udongo na hajui pa kuiweka. Alifikiria shimo la baba yake. Alifikiria uzito ule mwepesi unaopanda mpaka begani.

"Alikuja mwenyewe," alisema, kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Mimi simjui."

Akatupa udongo. Watu wakaitikia amina, na Priscah akamkumbatia, akamwambia asilie sana, mgeni ameshafika kwao Lambwe.